Kuingiza virutubisho vya lishe kwenye soko la nchi ya kigeni, hatua kwa hatua

Watengenezaji wengi wa virutubisho wakiamua kuuza nje huanza kwa kutafuta mnunuzi. Wanakodi banda kwenye maonyesho, wanagawa sampuli, anapatikana mtu aliyeipenda bidhaa, bei inajadiliwa mpaka inaeleweka. Kisha mnunuzi anauliza: "Kwetu hii inasajiliwa kama nini?" Hakuna mwenye jibu. Miezi inayofuata inaliwa na kazi ambayo ingefanyika mapema, kwa gharama ndogo, kabla hata ya kulipia banda.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: sheria kwanza, mnunuzi baadaye. Sababu yake ni kwamba chupa ileile inaweza kuwa chakula nchi moja, dawa nchi ya pili, na nchi ya tatu ikawa kitu cha katikati chenye sheria zake. Ukishajua umeangukia kundi gani, mengine yanafuata humo humo: muda, gharama, maneno ya lebo, hata aina ya mshirika unayemhitaji.

Ili tusiongee hewani, tuchukue bidhaa moja ya mfano na kuipitisha kila hatua. Ni kapsuli yenye dondoo la manjano (kurkumini), piperini ya pilipili manga, na vitamini D3 mikrogramu 25. Ganda ni la jelatini, limetiwa rangi nyeupe. Mbele ya chupa pameandikwa: "Huondoa maumivu ya viungo na huzuia uvimbe." Nyumbani inauzika vizuri na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Hatua ya 1: Jua bidhaa yako inaitwa nani huko

Marekani inaihesabu kapsuli yetu kama chakula, chini ya sheria ya virutubisho ya mwaka 1994 inayojulikana kwa kifupi kama DSHEA. Hakuna kibali cha kupewa kabla ya kuuza. Mzigo wote wa usalama uko mabegani mwa mtengenezaji, na mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, hukufuata ukishaingia sokoni. Watu husikia hivyo wakadhani ni soko rahisi. Ni rahisi kuingia, lakini ukikosea unaumbuka hadharani, kwa sababu barua za onyo za FDA huwekwa wazi mtandaoni na kila mnunuzi anaweza kuzisoma. Halafu kuna sharti dogo linalowapita wengi: kirutubisho ni kitu cha kumeza. Kibandiko cha ngozi chenye vitamini hakimo kwenye kundi hilo.

Umoja wa Ulaya nao unakihesabu kirutubisho kama chakula (Agizo 2002/46/EC), lakini una orodha ya vitamini na madini yanayoruhusiwa, pamoja na aina za kikemikali za kila moja. Juu ya hapo kila nchi mwanachama ina utaratibu wake: baadhi zinataka utoe taarifa kabla ya kuuza, nyingine hazitaki chochote. Kwa hiyo "kuingia Ulaya" si hatua moja. Utaingia nchi moja, kisha nyingine.

Kanada ilitengeneza kundi la peke yake, bidhaa asilia za afya, ambalo kanuni zake zilianza kutumika Januari 2004. Kila bidhaa lazima ipate namba ya tarakimu nane, NPN, kabla haijagusa rafu. Australia inaenda mbali zaidi na kuviita virutubisho vingi dawa, chini ya sheria ya mwaka 1989. Bidhaa ya hatari ndogo hupewa namba inayoanza na AUST L, na mwombaji lazima awe mtu au kampuni iliyoko Australia. China ina nembo ya kofia ya buluu kwa vyakula vya afya vilivyosajiliwa au kuwasilishwa rasmi. Japani ina makundi matatu ya vyakula vyenye ruhusa ya kutaja faida ya kiafya, na lile lililoongezwa mwaka 2015 huendeshwa kwa taarifa unayowasilisha serikalini kabla ya kuuza.

Zaidi ya nchi, kiambato kimoja kinaweza kuhamisha bidhaa nzima kutoka kundi moja kwenda jingine. Melatonini ni mfano mzuri: Marekani inauzwa rafuni kama kirutubisho, Uingereza ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Mtengenezaji wa vidonge vya usingizi asipoligundua hilo mapema, atakuwa ameandaa mpango wa biashara wa kitu ambacho hana haki ya kukiuza.

Kazi ya hatua hii ni kuandika ukurasa mmoja kwa kila nchi unayoifikiria: kundi la kisheria, mamlaka inayosimamia, kama kuna usajili au taarifa, nani anaruhusiwa kuomba, na takriban muda. Weka kurasa hizo mezani kisha chagua nchi moja. Naona kampuni changa zikichagua mbili au tatu kwa pamoja "ili kutawanya hatari", na mara nyingi matokeo yake ni faili tatu zilizofika nusu.

Hatua ya 2: Pitisha kila kiambato kwenye chekeche

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Fungua jedwali, weka mstari mmoja kwa kila kitu kilichomo ndani ya kapsuli, pamoja na vile usivyovitangaza: ganda, rangi, kinachozuia unga usishikane, kinachobeba dondoo. Kwa kila mstari andika jina la kisayansi, sehemu ya mmea iliyotumika, kimumunyisho kilichotumika kukamua, kiasi kwa dozi ya siku, asili (mmea, mnyama, maabara) na msambazaji. Kisha safu ya mwisho: inaruhusiwa, inaruhusiwa kwa masharti, hairuhusiwi, sijui. Kila penye "sijui" pashughulikie kabla hujalipa ada yoyote.

Tuipitishe kapsuli yetu. Rangi nyeupe ya ganda ni titani dioksaidi, E171. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vyakula mwaka 2022, virutubisho vikiwemo, ilhali Marekani imeendelea kuiruhusu kama rangi isiyozidi asilimia 1 ya uzito wa chakula. Ukilenga Ulaya, ganda hilo linabadilishwa. Na kubadilisha ganda si kubadilisha sura tu, maana vipimo vya uthabiti (vya kuonyesha bidhaa inadumu bila kuharibika mpaka mwisho wa muda wake) vilivyofanywa kwenye ganda la zamani huenda visikubalike tena.

Jelatini ni ya ng'ombe, nguruwe au samaki? Indonesia ina sheria ya halali tangu 2014 inayogusa bidhaa za aina hii, na masoko ya Ghuba yatakuuliza swali hilohilo. Jelatini ya ng'ombe nayo hudaiwa karatasi za mifugo sehemu nyingi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanaosafirisha huishia kwenye ganda la selulosi ya mimea: ghali kidogo, maswali machache. Ila usisahau vitamini D3 yenyewe. Kwa kawaida hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Ukishabadilisha ganda na kuandika kwamba bidhaa haina kitu cha mnyama, D3 hiyo itakuumbua, labda uwe umenunua ile inayotokana na kuvumwani.

Manjano nayo ina mambo yake mawili. La kwanza ni madini ya risasi. Kuna wafanyabiashara wanaong'arisha manjano kwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani yenye sumu, na dondoo linaweza kuja na mabaki yake. Pima metali nzito kwa kila bechi ya malighafi, usitegemee cheti cha muuzaji peke yake. La pili ni ini. Mwaka 2019 Italia ilipata wagonjwa wa homa ya ini waliokuwa wametumia bidhaa za manjano, na wizara ya afya ikalazimisha onyo kwenye lebo. Piperini, ambayo huongezwa makusudi ili kurkumini ifyonzwe zaidi, inaweza pia kubadilisha namna mwili unavyoshughulikia dawa nyingine. Mkaguzi anayelijua hilo atakuuliza, kwa hiyo kaa na jibu.

Viambato vipya vina tarehe zake za mpaka. Marekani, kiambato ambacho hakikuwa kikiuzwa kwenye virutubisho kabla ya 15 Oktoba 1994 huchukuliwa kuwa kipya, na kwa kawaida hudai taarifa kwa FDA siku 75 kabla ya kuuza. Umoja wa Ulaya, mpaka ni 15 Mei 1997: kisichokuwa na historia ya kuliwa kwa wingi humo kabla ya siku hiyo ni chakula kipya, na kibali chake huchukua muda mrefu na pesa nyingi. Mmea unaojulikana haukuokoi ikiwa njia ya kukamua ni mpya. Dondoo lililokolezwa mno linaweza kuhesabiwa kitu kipya hata kama mzizi wake umeliwa karne nyingi.

Kama unatumia mimea ya porini, angalia pia mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Gome la Prunus africana, linalotumika sana kwenye bidhaa za tezi dume, liko kwenye Kiambatisho cha II tangu 1995. Mzigo bila kibali chake unakamatwa mpakani, hata ukiwa umeshasagwa na kufungwa kwenye kapsuli.

Hatua ya 3: Andika upya ahadi

"Huondoa maumivu ya viungo na huzuia uvimbe." Sentensi hiyo peke yake inatosha kuigeuza kapsuli yetu kuwa dawa isiyosajiliwa karibu kila mahali.

Marekani unaruhusiwa kusema bidhaa inasaidia muundo au kazi ya mwili: "husaidia afya ya viungo". Huruhusiwi kutaja ugonjwa wala dalili zinazoutambulisha. Ukitumia dai la aina hiyo, unaijulisha FDA ndani ya siku 30 tangu uanze kuuza, na unaweka kwenye lebo kisanduku kinachosema kwamba FDA haijalitathmini dai hilo na kwamba bidhaa haikusudiwi kugundua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Ushahidi unakaa nao wewe, ukisubiri siku utakapoulizwa. Matangazo yana mwangalizi wake mwingine, FTC, tume ya biashara ya Marekani, ambaye hajali lebo ilisema nini ikiwa tangazo la video limesema jingine.

Ulaya mlango ni mwembamba zaidi. Kanuni 1924/2006 inaruhusu madai ya kiafya yaliyoidhinishwa tu. Vitamini D inayo kadhaa: inachangia kudumisha mifupa ya kawaida, kazi ya kawaida ya misuli, kazi ya kawaida ya kinga ya mwili. Manjano haina hata moja. Madai ya mimea, zaidi ya 2,000, yamekaa kwenye foleni bila uamuzi kwa miaka mingi, na kila nchi inayavumilia kwa kadiri yake. Kwa hiyo, Ulaya, kapsuli yetu itazungumza kupitia vitamini D. Manjano itatajwa jina na kiasi, basi. Timu ya masoko haipendi kusikia hivyo, kwa sababu manjano ndiyo iliyoiuza bidhaa nyumbani. Lakini bora ugomvi huo uishe ofisini kabla chapa haijafika kiwandani.

Tahadhari ya neno moja: nchi nyingi za Ulaya hulihesabu neno "probayotiki" (bakteria hai wenye faida) lenyewe kuwa dai la kiafya. Jina la bidhaa yako likiwa na neno hilo, tatizo liko kwenye jina.

Na lebo si karatasi ya kwenye chupa tu. Tovuti, maelezo ya bidhaa kwenye duka la mtandaoni, ushuhuda wa mteja uliousambaza kwenye ukurasa wako, video ya mtu maarufu uliyemlipa: vyote huhesabiwa maneno yako. Kabla ya kuingia soko jipya, pitia machapisho ya zamani ya kampuni. Posti ya miaka iliyopita inayosema bidhaa "imemponya mama mmoja kisukari" bado iko hai, na anayekupeleleza ataipata kabla yako.

Hatua ya 4: Lebo

Lebo moja ya dunia nzima haipo. Angalia mstari mmoja tu wa kapsuli yetu, ule wa vitamini D. Mikrogramu 25 ni sawa na yuniti 1,000 za kimataifa, kwani kila mikrogramu 1 ni yuniti 40. Kwenye lebo ya Marekani, ambako kiwango rejea cha siku ni mikrogramu 20, utaandika asilimia 125. Kwenye lebo ya Ulaya, ambako kiwango rejea ni mikrogramu 5, kapsuli hiyohiyo inaandikwa asilimia 500. Mteja atashtuka, na mkaguzi wa nchi yenye kikomo chake cha ndani ataanza kusoma kwa makini. Unaweza kulazimika kutengeneza kapsuli yenye kiasi kidogo kwa ajili ya soko hilo peke yake.

Mengine ya kukagua: lugha (Kanada ni Kiingereza na Kifaransa pamoja, Ulaya ni lugha ya nchi husika), vizio, yaani vitu vinavyoleta mzio (Marekani inataja 9, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa, tangu 2023, Ulaya inataja 14), na maonyo ya lazima. Ulaya huwezi kukwepa kuandika dozi ya siku, onyo la kutoizidisha, tamko kwamba kirutubisho si mbadala wa mlo kamili wenye mchanganyiko, na kwamba kiwekwe mbali na watoto wadogo. Tarehe iandike kwa namna isiyochanganya: 03/04 ni Machi kwa wengine na Aprili kwa wengine. Marekani lebo lazima iwe na anwani au namba ya simu ya ndani ya nchi ya kupokelea taarifa za madhara. Na usiandike popote kwamba bidhaa "imeidhinishwa na FDA". Kirutubisho hakiidhinishwi na FDA, na kampuni zinazokuuzia "cheti cha usajili cha FDA" chenye muhuri wa dhahabu zinakuuzia karatasi yao wenyewe. FDA haitoi cheti cha namna hiyo.

Chapisha kidogo kwanza. Bei ya lebo kwa wingi ni tamu, lakini lebo za soko jipya hubadilika angalau mara moja kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa.

Hatua ya 5: Faili

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kirutubisho bila faili hupotea bandarini. Kwa uchache faili liwe na fomula kamili, vipimo vya ubora vya kila kiambato, njia ya kutengeneza, cheti cha uchambuzi cha kila bechi, matokeo ya uthabiti, ushahidi wa madai, vyeti vya kiwanda, na barua za wasambazaji kuhusu vizio, viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, mionzi na gesi ya ethilini oksaidi, ambayo Ulaya haitaki kuisikia.

Uthabiti ndio unaochelewesha wengi. Ukitaka kuandika muda wa matumizi wa miaka miwili, uonyeshe kwamba kiasi cha vitamini kilichoandikwa bado kipo mwisho wa muda huo, kwenye hali ya hewa ya huko unakouza. Nchi za joto na unyevu mwingi hutumia nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Jaribio la haraka hufanyika kwa nyuzi 40 na asilimia 75 kwa miezi 6, na hukupa makadirio huku lile refu likiendelea. Ulilopima kwenye nchi ya baridi halitoshi kwenda kwenye joto. Anza jaribio siku unayofunga fomula, maana huu ndio muda pekee katika safari hii usioweza kununuliwa kwa pesa.

Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, kwa kipimo chenyewe unachokitaka. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima bakteria na isiwe nayo ya kupima kurkumini, kwa hiyo omba orodha ya vipimo vilivyothibitishwa. Kiwanda nacho kikidhi kanuni za utengenezaji bora za soko husika: Marekani zimo kwenye kanuni za shirikisho, 21 CFR sehemu ya 111, Australia hutaka kiwango cha dawa, ambacho kiwanda cha chakula hakikifikii kwa kupaka rangi ukuta.

Kisha hati ya mauzo huria, inayotolewa na mamlaka ya nchi yako kuthibitisha kwamba bidhaa inauzwa kihalali nyumbani. Nchi nyingi huitaka ikiwa na uthibitisho wa apostili (muhuri unaofanya hati ya nchi moja ikubalike nchi nyingine) chini ya Mkataba wa The Hague wa 1961, au imepitia ubalozini kama mojawapo ya nchi haimo kwenye mkataba. Hapa sikiliza vizuri: jina la bidhaa, jina la kampuni na anwani ya kiwanda viwe sawa herufi kwa herufi kwenye hati hiyo, kwenye cheti cha kiwanda, kwenye ankara na kwenye lebo. Cheti kikisema "Kiwanja Na. 14" na lebo ikasema "Kitalu 14", kuna afisa mahali fulani atakayerudisha faili zima, na atakuwa sahihi. Kabla ya kuwasilisha, mpe mtu asiyeijua kampuni hati zote azisome kwa sauti, nyingine ikifuatiliwa kwa kidole.

Hatua ya 6: Mtu wa huko, na nani anamiliki usajili

Karibu kila soko litakutaka uwe na mtu wa ndani anayewajibika kisheria. Marekani kiwanda cha nje kinahitaji wakala anayeishi Marekani, na mwagizaji ana wajibu wa kuhakiki usalama wa msambazaji wake wa nje. Australia mwombaji ni wa huko. China na Indonesia zina taratibu zao za wakala na mwagizaji. Kwa kuwa msambazaji mpya huwa na hamu, atakwambia: "Tuachie sisi usajili, tutalipia." Inapendeza masikioni, na pesa zinaokolewa.

Usikubali bila kufikiri. Sehemu nyingi, anayeandikishwa kama mwenye usajili ndiye mwenye ruhusa ya kuuza. Mkigombana baada ya miaka miwili, bidhaa ni yako, chapa labda ni yako, lakini namba ya usajili iko mikononi mwake, na msambazaji mpya hataweza kuingiza chupa hata moja mpaka usajili uanze upya. Njia salama ni kuwa na mwenye usajili asiyeuza: kampuni ya ushauri wa kisheria inayoshikilia usajili kwa ada ya mwaka, huku msambazaji akibaki na kazi ya kuuza. Ikishindikana, mkataba utamke kwamba anaushikilia kwa niaba yako, na asaini mapema barua ya kuuhamisha.

Alama ya biashara isajili wewe mwenyewe, kwa jina la kampuni yako, kabla ya maonyesho. China humpa haki anayewahi kusajili, na wapo wanaotembea mabandani wakipiga picha za chapa. Mfumo wa Madrid hukuruhusu kuomba nchi nyingi kwa ombi moja, na ukishaomba nyumbani una miezi 6 ya kutambuliwa tarehe yako ya kwanza kwenye nchi nyingine chini ya Mkataba wa Paris wa mali ya viwandani.

Mkataba wa usambazaji wenyewe uwe mfupi na mkali. Ukitoa haki ya kipekee, iambatane na kiasi cha chini cha kununua kila mwaka na iishe yenyewe kisipofikiwa. Taja kama haki hiyo inahusu maduka ya mtandaoni au la, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa bei huanzia. Taja nani anaidhinisha matangazo (ni wewe), nani anagharamia kurudisha bidhaa, na baada ya saa ngapi lazima akuarifu malalamiko ya madhara.

Hatua ya 7: Njia ya kuuzia na bei

Hesabu bei kutoka rafuni kurudi kiwandani, si kinyume chake. Chukua bei ya bidhaa zinazofanana huko, toa kodi ya mauzo, faida ya duka, faida ya msambazaji, ushuru, usafiri, vipimo na ada za usajili zilizogawanywa kwa chupa. Kinachobaki kikiwa chini ya gharama yako ya kutengeneza, hilo si soko lako, hata mnunuzi akikuita rafiki.

Famasia hutaka faili zito na huleta heshima. Maduka ya mtandaoni huleta wateja haraka, lakini yana masharti juu ya sheria za nchi. Amazon, kwa mfano, hudai virutubisho vihakikiwe na taasisi huru za upimaji. Kwa wanamichezo, alama kama NSF Certified for Sport au Informed Sport, zinazoonyesha bidhaa imepimwa dawa zilizokatazwa michezoni, hufungua milango ambayo tangazo haliwezi kufungua. China ina njia ya pembeni inayofaa kwa majaribio: biashara ya mtandaoni ya kuvuka mpaka, ambako mlaji hununua moja kwa moja bila bidhaa kuwa na kofia ya buluu, kwa kikomo cha yuani 5,000 kwa ununuzi mmoja na 26,000 kwa mwaka kwa kila mtu. Usiichanganye na ruhusa ya kuweka bidhaa dukani. Haikupi hiyo.

Hatua ya 8: Mzigo wa kwanza

Uwe mdogo. Mkubaliane na wakala wa forodha wa huko msimbo wa HS (namba ya kimataifa ya kutambulisha bidhaa kwenye forodha) kabla mzigo haujaondoka: virutubisho vingi huangukia 2106.90 kama maandalizi ya chakula, lakini nchi inayokiona kirutubisho kuwa dawa inaweza kukipeleka 3004, na ushuru na vibali vikabadilika. Marekani hutaka taarifa ya awali kabla ya chakula kufika, hata kama ni sampuli za maonyesho. China hutaka viwanda vya chakula vya nje viwe vimesajiliwa na forodha yake. Epuka masharti ya DDP kwenye mzigo wa kwanza, yanayokufanya wewe ulipe ushuru na kubeba wajibu wa uagizaji katika nchi usiyoijua bado.

Weka kirekodi joto ndani ya kontena. Kapsuli laini zilizoshikana kuwa donge moja zinahitaji ushahidi wa zilikopikwa, vinginevyo bima na msafirishaji watakurudishia lawama.

Hatua ya 9: Baada ya chupa kuuzwa

Daftari la malalamiko lianze siku ya kwanza. Marekani, taarifa ya dhara kubwa lazima ifike FDA ndani ya siku 15 za kazi tangu uipokee, na simu iliyopokewa na msambazaji ikakaa wiki mbili kwenye meza yake haitakuwa kisingizio. Mwaka 2024 Japani ilikumbwa na mkasa wa virutubisho vya mchele mwekundu uliochachushwa, vilivyohusishwa na magonjwa ya figo na vifo. Kampuni ilichelewa kutoa taarifa, na serikali ikafanya kuripoti madhara kuwa lazima kwa vyakula vya kundi lile la 2015. Tunza sampuli za kila bechi, na fanya zoezi la kurudisha bidhaa kwa majaribio: chagua bechi moja, uone itachukua muda gani kujua chupa zake zote ziko wapi.

Kila badiliko la ndani liulizwe nje. Idara ya ununuzi ikipata ganda la bei nafuu au dondoo kutoka shamba jingine, hilo ni jambo la usajili kabla halijawa jambo la bei. Mwisho, kalenda. Usajili wa kiwanda kwa FDA huhuishwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kati ya 1 Oktoba na 31 Desemba. Leseni, vyeti vya kiwanda, alama za biashara na mikataba ya mawakala vina tarehe zake. Viweke vyote kwenye kalenda moja yenye jina la mtu anayehusika mbele ya kila tarehe, na kikumbusho miezi sita kabla.